Greda ipo, dereva anaondoka: siku moja na kikosi cha barabara

Saa 12:30 asubuhi. Mlinzi wa yadi hupiga simu kabla sijatoka nyumbani, na taarifa yake ndiyo hupanga siku yangu. Leo ana mambo mawili: mvua imenyesha usiku kucha, na rola haiwaki. La kwanza ni baya kwa mashimo ya lami na zuri kwa barabara za changarawe. La pili ni baya tu.

Mimi ni msimamizi wa barabara katika halmashauri ya mji mdogo. Cheo ni kikubwa kuliko kikosi. Kwenye karatasi ya ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, tuko wengi, lakini ukimtoa aliyehamishwa, waliostaafu bila nafasi zao kujazwa, na karani wa stoo anayekaimu nafasi mbili, waliobaki wanaenea kwenye gari moja.

Saa 1:00. Fundi mitambo ameshaona tatizo: betri ya rola imekufa. Ya kununua itapita ofisi ya ununuzi, na huko mambo huenda kwa mwendo wake. Tunachomoa betri ya boza la maji na kuifunga kwenye rola. Siku nyingine ningekataa, kwa sababu changarawe kavu haishindiliki bila kumwagiwa maji. Leo mvua imeshamwaga.

Saa 2:15. Tuko kwenye mashimo, barabara ya kwenda hospitali. Yamejaa maji, na mpita njia anauliza kwa nini tunachota maji badala ya kumwaga lami. Swali la haki. Shimo la lami huanza na ufa. Maji hupenya, hulainisha tabaka la chini, na kila tairi linalopita hukandamiza yale maji na kuyatoa pamoja na udongo laini. Mwisho lami inabaki imening'inia juu ya uwazi, inavunjika. Ukiziba juu ya tope, umefunika ugonjwa.

Kwa hiyo tunachota, tunakata kingo ziwe wima na zenye pembe, tunaondoa kilicholegea hadi kwenye tabaka gumu, tunakausha, tunapaka lami nyembamba ya kushikiza, ndipo lami moto inaingia. Hutoka mtamboni ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi. Ikikaribia nyuzi 80 haishindiliki tena ipasavyo, ndiyo maana sipendi lori la lami lisimame kusubiri watu wapige gumzo. Zamani kazi hii ilikuwa na mtu wa kukata, mtu wa kupaka, mtu wa kusawazisha na mtu wa kuelekeza magari. Siku hizi anayepaka ndiye anayesawazisha, na anayeelekeza magari ni kibarua aliyeanza juzi, mwenye kibendera na hofu. Tunaziba machache, lakini tunayaziba.

Saa 4:30. Kikao cha wakuu wa idara. Mheshimiwa diwani amealikwa, naye anataka kujua kwa nini mtaa mmoja wa kata yake unabomoka kila msimu ilhali magari yake ni machache. Namjibu kwamba idadi haitoshi, aulize uzito. Malori yamegeuza mtaa ule kuwa njia ya mkato. Majaribio yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli ikibeba mara mbili, barabara inaumia mara 16 hivi. Tunakubaliana kuweka kizuizi cha kimo kwenye kona ya kuingilia, malori yasipite. Nadhani hiyo ndiyo dakika bora ya kikao chote.

Kisha afisa utumishi anasoma lake. Dereva wetu wa greda anastaafu mwisho wa mwezi, na nafasi yake haitajazwa mwaka huu wa fedha. Opereta kijana wa kijiko, mtambo wa kuchimbia, atakaimu.

"Leseni ya greda anayo," anasema.

"Leseni anayo, mkono bado," namjibu.

Mhasibu anataja mshahara utakaookolewa. Namwomba aweke pembeni yake gharama ya changarawe, maana dereva asiyejua kutumia kisu cha greda huisukuma mtaroni, na tukirudi kuinunua mara ya pili hakuna atakayekumbuka kuiandika kwenye safu ya mishahara. Ananitazama kwa upole. Uamuzi haubadiliki, ila napata ruhusa ya kumtoa kijana kwenye kijiko siku zote zilizobaki ili akae na mzee.

Saa 7:00 mchana. Barabara ya changarawe, nje kidogo ya mji. Mzee amesimama chini, kijana yuko juu ya mtambo.

"Mwanangu, usinyoe vilele," mzee anapaza sauti. "Shusha kisu mpaka mwisho wa bonde."

Anazungumzia ile mikunjo inayotetemesha magari. Ukiikwangua juu tu, inarudi haraka. Inatakiwa ifumuliwe hadi chini, changarawe isambazwe na kushindiliwa upya, na iwe na unyevu kama leo. Katikati pawe juu, kila upande uteremke asilimia 4 hadi 6. Lami inaridhika na 2 hadi 3, kwa kuwa haina vinyweleo vingi vya kunywa maji. John McAdam, Mskoti aliyebadilisha ujenzi wa barabara miaka 200 hivi iliyopita, alisisitiza kwamba anayebeba mzigo hasa ni udongo wa asili ulio chini, na kazi yetu ni kuuweka mkavu. Mzee hajapata kunitajia jina hilo. Anasema tu, "Injinia, maji yakipata pa kwenda, barabara inakaa."

Mbele kidogo anamsimamisha kijana. Chini ya majani kuna kalvati, njia ya kupitisha maji chini ya barabara, ambalo halimo kwenye ramani yoyote ya ofisi. Anajua lipo kwa sababu alikuwepo likifukiwa. Anatuonyesha jingine, kisha sehemu yenye chemchemi inayotoka chini kila masika. Naandika, napiga picha, namwomba arudie. Ikama haina safu ya vitu hivi.

Saa 9:45. Ofisini: vocha za mafuta, malalamiko ya taa zisizowaka, daftari la safari za gari. Mambo ya kawaida.

Saa 10:30 jioni. Naandika dokezo kwa mkurugenzi: kalvati zote tunazozijua zichorwe kabla mzee hajakabidhi funguo, na aombewe mkataba mfupi wa kufundisha baada ya kustaafu. Ombi la pili linaweza kukwama. La kwanza halihitaji fedha, kwa hiyo sijasubiri jibu. Karani ameshaanza kuhamisha alama zangu kwenye ramani.

Kijana anapiga simu kutoka kazini. Amepima mteremko: kulia asilimia 5, kushoto 2. Nimemwambia afunge mtambo, kesho saa 1 aanze na kushoto.