Siku moja maishani mwangu: muuguzi mtafiti, Kisumu

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kupanda matatu ya Ahero nakagua mashine ya presha: betri, mpira wa hewa, na mikanda ya mkono ya saizi zote. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu ambayo mama hana, na wenzetu wa Indianapolis, Marekani, tunaofanya nao utafiti huu wa presha ya akina mama, hawauoni mkanda, wanaona tarakimu tu.

Saa 2:00. Ridhaa ya kushiriki utafiti. Mama asiyejua kusoma huwekewa shahidi ambaye si mmoja wetu, naye husikiliza tangu neno la kwanza. Mama akiweka kidole gumba, shahidi anatia sahihi na tarehe kwa mkono wake. Shahidi aliyeitwa mwishoni kuja kutia sahihi tu hakushuhudia kitu, na ridhaa hiyo haifai.

“Mama, ukikataa, kliniki utahudumiwa vilevile.”

Saa 3:00. Mama anakaa dakika tano bila kuongea. Mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono uko mezani usawa wa moyo. Mtoto anashikwa na nyanya yake, kwa sababu mama anayenyonyesha huku anapimwa hukaza mkono. Tunapima mara mbili, tukipumzika dakika moja katikati. Namba ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110, na ikarudia hivyo, utafiti unasimama na daktari anaitwa. Hapo mimi ni muuguzi kwanza.

Saa 7:00. Fomu. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, kisha herufi za kwanza za jina na tarehe. Wino mweupe ni marufuku. Majina yanabaki Kisumu kabatini, ng’ambo zinakwenda namba tu. Leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayoidhinisha utafiti, ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo kuihuisha kunaanza mapema.

Saa 10:00 jioni. Kikao mtandaoni na Chuo Kikuu cha Maseno na Indianapolis, ambako ni saa 3 asubuhi. Novemba wakirudisha saa nyuma, kwao itakuwa saa 2, na mwaliko usiporekebishwa kuna upande utakaokosa kikao. Leo ajenda ni majina ya waandishi wa makala ya utafiti. Kukusanya takwimu peke yake hakukufanyi mwandishi: lazima pia uandike au uhariri rasimu, uidhinishe nakala ya mwisho na uwajibike kwayo. Basi muuguzi asipopewa rasimu mapema, amefungiwa mlango. Tumekubaliana sehemu ya mbinu iandikwe na wauguzi wa Ahero, rasimu ya kwanza Ijumaa.