Nilivyowafundisha vijana habari za skuli ya Mbweni

Vijana wangu wa kidato cha tatu walizijua tarehe mbili kwa moyo: 1873, soko la watumwa la Mkunazini kufungwa, na 1897, utumwa kufutwa kisheria Zanzibar. Watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa miaka hiyo walipelekwa wapi? Darasa lilinyamaza. Niliumia, kwa sababu magofu ya skuli ya wasichana waliokombolewa yapo Mbweni, hapa hapa Unguja.

Kikwazo kilikuwa wazazi. Skuli ile ilikuwa ya wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na mzee mmoja aliniuliza waziwazi, "Mwalimu, watoto wetu unawapeleka kanisani?" Nilimkaribisha, nikamsomea maswali niliyoyaandaa. Yote yalimhusu mtoto: katekwa wapi, kapita njia gani, nani kampa jina jipya, kasomeshwa kwa lugha gani. Aliridhika, na siku ya safari akafuatana nasi.

Magofuni sikuhutubu. Niliwapa ramani, wakachora njia kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa, kisha baharini, mpaka pale manowari ya Kiingereza ilipolikamata jahazi. Wengi wa watoto waliokombolewa walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, na Kiswahili walikuja kukikuta huku. Misheni ilianza kazi Unguja 1864 kwa wavulana watano tu waliotolewa na Sultan Majid. Baadaye wavulana wakawa na skuli yao Kiungani, nayo iko Unguja, wasichana Mbweni, ambako Caroline Thackeray alifika 1877 kuwafundisha. Walioonekana wepesi wa kusoma waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walipelekwa kwenye kushona, kupika na kufua. Hapo wasichana wangu walikasirika. Sikuwatuliza, maana hasira ile ni ya haki: mtoto aliyenyang'anywa kila kitu alistahili japo kuulizwa anataka nini.

Aliyewagusa zaidi ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni. Alisoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri, akafanya kazi miaka mingi kwa Wayao wa Chitangali, upande wa Ruvuma. Mkewe, Lucy Magombeya, alitoka Mbweni. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kwenye notisi mume ana aya nzima, na mke mstari mmoja?"

Kipindi kilichofuata nilikianza na wasichana wa Mbweni, Kiungani ikafuata baadaye. Mpangilio huo ndio ninaoutumia hadi leo.