Tarakimu Iliyofungiwa Kisanduku

Dereva alipiga simu saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mwaka 2016. Alikuwa na trela lake kwenye foleni ya geti la bandari ya Mombasa tangu alfajiri, na alipofika dirishani akaambiwa kontena alilotumwa halimo. Si kwamba lilikuwa limefunikwa na mengine. Namba aliyoshika haikuwa ya kontena lolote lililoshushwa Kilindini, na namba hiyo ilitoka kwenye programu yetu.

Tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja cha ghorofani, Ganjoni. Kampuni ndogo ya uwakala wa forodha yenye ofisi yake Shimanzi ilikuwa imetupa kazi ya kuitengenezea programu ya kufuatilia mizigo. Hati ya shehena ikifika, karani anaingiza namba ya kontena, na kutoka hapo namba hiyo ndiyo inayokwenda kwa dereva, kwenye ankara na kwa mwenye mali. Ikikosewa pale mwanzo, basi imekosewa kote.

Nilitazama kumbukumbu za mfumo nikaona kilichotokea: karani alipishanisha tarakimu mbili za katikati. Nikamwandikia mteja taarifa ya mstari mmoja, kwamba kosa ni la mtumiaji. Kisha kwenye ubao wetu wa kazi nikaibandua ile kadi ya kasoro nikaibandika kwenye safu ya kazi zilizokwisha. Sprinti yetu, yaani awamu ya kazi ya wiki mbili, ilikuwa inaisha kesho yake, na nilitaka ubao uwe safi.

Jumatatu karani mwenyewe akaja. Alipanda ngazi zote zile na daftari kifuani, akasalimu, akakataa kiti. Mwajiri wake alikuwa amemwambia gharama ya siku ambazo kontena limelala bandarini itakatwa kwenye mshahara wake. Akalifungua daftari mbele yangu. Kila namba alikuwa ameiandika kwanza kwa mkono, kwa herufi kubwa za duara, na juu ya kila tarakimu palikuwa na nukta ndogo ya kalamu nyekundu, alama ya kuwa ameisoma mara ya pili.

“Kaka,” akasema, “herufi nne na tarakimu saba, mara arubaini kwa siku, na simu yalia, na dereva amenisimamia kichwani. Mimi si mpumbavu.”

Akalia. Wenzangu wakainamia kompyuta zao. Mimi niliziangalia zile nukta nyekundu, nikaona kwamba huyu mtu alikuwa anafanya kwa mkono wake kazi ambayo programu yetu ilipaswa kumfanyia.

Jioni nikaenda Mji wa Kale kwa mjomba wangu. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, tangu zama za magunia hadi makontena yalipotawala. Nilimkuta barazani na kikombe chake cha kahawa chungu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia kisa chote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Na ile ya mwisho,” akauliza, “hamkuipigia hesabu?”

“Ya mwisho ipi, mjomba?”

“Ile iliyofungiwa kisanduku, mwanangu.”

Mtu yeyote aliyekwama kwenye foleni ya Changamwe ndani ya matatu, mbele yake trela, ameiona. Kwenye mlango wa kontena kuna herufi nne, tarakimu sita, halafu moja peke yake, mara nyingi imechorewa mraba. Mimi nimekaa nyuma ya milango hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza ule mraba ni wa nini. Mjomba akaomba kalamu, akageuza karatasi ya mkate, akaanza kunionyesha. Ni kanuni ya kimataifa, ISO 6346. Kila herufi ina thamani yake, A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ila 11 na vigawe vyake vinarukwa. Thamani ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, unakwenda ukiongeza maradufu hadi ya kumi, 512. Unajumlisha, unagawanya kwa 11, na kinachobaki ndiyo tarakimu ya kwenye mraba. Kikibaki 10, inaandikwa 0.

Namba yenyewe ya siku ile sitaitaja, lakini chukua CSQU3054383, ambayo wanaofundisha hesabu hii huipenda sana. Jumla yake ni 6185, na baki ni 3, sawa na tarakimu ya mwisho. Sasa pishanisha 5 na 4, kosa lile lile la karani wetu. Jumla inakuwa 6249 na baki inakuwa 1, lakini mwishoni pameandikwa 3. Namba imejisaliti yenyewe. Hesabu hii hainasi kila kosa, lakini makosa ya namna hii inayanasa karibu yote. Waliopanga namba za makontena walijua tangu mwanzo kwamba watu watakosea, wakaweka mtego ndani ya namba yenyewe. Sisi kwenye programu tulikuwa tumeweka kisanduku kitupu cha kuandikia, kinachopokea chochote, hata jina la mtu.

Mwaka ule nilikuwa nikisoma sana habari za Toyota, kwa sababu timu nyingi za ajaili, yaani za kutengeneza programu hatua kwa hatua, zilikuwa zimeazima kutoka kwao kanban, ule ubao wa kadi za kazi, na sisi tukafuata. Ubao tulikuwa nao. Moyo wake hatukuwa nao. Usiku ule nilirudia kisa cha Shigeo Shingo, mhandisi Mjapani aliyewahi kufanya kazi na Toyota, aliyekuta wafanyakazi wanaounganisha swichi wanasahau mara kwa mara kutia springi moja kati ya mbili. Mwaka 1961 akawawekea kisahani: kabla ya kuanza, toa springi mbili uziweke pale. Ukimaliza na moja ikabaki, umeiona. Vifaa vya namna hiyo viliitwa kwanza baka-yoke, maana yake kinga ya mpumbavu. Mwaka 1963, kwenye kiwanda kimoja cha mabodi ya magari, mfanyakazi mwanamke alielezwa kifaa hicho ni cha nini akaangua kilio: kwani mimi mpumbavu? Shingo akabadilisha jina likawa poka-yoke, kinga ya kosa la kupitiwa. Nilikuwa nimekisoma kisa hicho miezi kadhaa kabla na kukipita. Safari hii nilifunga kompyuta nikakaa gizani.

Asubuhi niliirudisha ile kadi mwanzo wa ubao. Nikawaomba wenzangu tusiguse kazi nyingine yoyote mpaka tumalizane nayo. Palikuwa na mabishano makali, maana tulikuwa tumeahidi ripoti mpya siku ya Ijumaa. Niliwaambia habari za kitanda cha kufumia cha Sakichi Toyoda, mwanzilishi wa viwanda vilivyozaa Toyota, cha mwaka 1924, ambacho uzi ukikatika kinasimama chenyewe, kisiendelee kufuma nguo mbovu. Tukajiuliza kwa nini, tukarudia kwa nini. Dereva alifuata kontena lisilokuwapo kwa sababu namba ilipishana. Namba mbovu ilipita kwa sababu hakuna aliyeandika ukaguzi. Hakuna aliyeuandika kwa sababu kadi ya kazi hiyo ilisema tu “sehemu ya namba ya kontena”. Na kadi ilisema hivyo kwa sababu tulizungumza na mwenye kampuni, hatukuwahi kukaa na karani hata saa moja. Hapo mabishano yakaisha.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Shimanzi nikakaa kando ya karani saa kadhaa. Herufi za programu yetu zilikuwa ndogo na za kijivu, na dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wake, jua likipiga moja kwa moja kwenye skrini. Hati nyingine zilimfikia kama picha za simu, zenye kivuli cha kidole. Nilimwomba radhi mbele ya mwajiri wake, na nikaandika taarifa ya pili kuifuta ile ya kwanza. Mshahara wake haukukatwa.

Msimbo wa ukaguzi haukuzidi mistari ishirini. Tulikuza herufi, tukaziweka kwa mafungu kama zilivyo mlangoni mwa kontena, na namba isipokubali hesabu, ukingo wa kisanduku unakuwa mwekundu na haiendi mbele.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Kisanduku kilikuwa kimekataa namba, ameiandika mara tatu, ameilinganisha na daftari, nukta zote ziko sawa. Nikamwomba anisomee kutoka kwenye hati yenyewe, nikapiga hesabu upande wangu. Baki haikulingana. Kosa lilikuwa limechapwa huko huko hati ilikotoka, ng'ambo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshika kazi yake, “Haya, sasa huko ng'ambo nimpigie nani?”