Pedi ya PS4 inayomkimbiza mchezaji yenyewe

Mchezaji wa kwenye gemu akienda kushoto bila pedi (kishikio cha kuchezea) kuguswa, usikimbilie kununua mpya. Huenda ni vumbi tu, na vibanda vya gemu vya Dar havikosi vumbi wala jasho la mikono.

Fungua skrubu nne za nyuma kwa bisibisi ndogo ya nyota. Tenganisha mifuniko taratibu: kuna utepe mwembamba unaounganisha sehemu ya chaji na bodi, na hapo ndipo wengi huharibu. Chomoa betri, kisha skrubu iliyoshika bodi.

Kila analogi (kijiti cha kumwongoza mchezaji) ina vijisanduku viwili vya kijani ubavuni, kimoja cha juu-chini, kingine cha kushoto-kulia. Fungua kinachosumbua tu. Futa kisahani cha ndani kwa pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya dukani ya 70 ina maji mengi. Tina ya rangi usiiguse, inayeyusha plastiki. Subiri dakika 10 ikauke.

Ukiona njia nyeusi ndani ya kijisanduku imelika, kusafisha hakusaidii. Nunua analogi Kariakoo, fundi aichomelee.