Alitumwa vita akarudi na jua

Jana Jumamosi nimetoka jikoni kwenye mgahawa saa nane mchana, mikono bado inanuka sabuni ya vyombo, nikapandisha Montjuïc, kilima cha hapa Barcelona, kwa miguu maana kwenye makumbusho ya sanaa pale juu Jumamosi kuanzia saa tisa kuingia ni bure, na mi cha bure sikiachi. Nilifata picha moja tu, Vita vya Tetuán (mji wa Moroko) ya Mariano Fortuny, mchoraji wa Kihispania wa zamani. Jamani ni ukuta mzima ile, karibu mita 10, alafu ukiisogelea unagundua haijaisha, watu wengine ndani yake ni madoa tu. Mkoa wa Barcelona ndo ulimtuma Moroko 1860, kijana wa miaka 21, akachore vita ya Wahispania, akaja kuianza akiwa Roma, akaipiga danadana miaka na miaka mpaka kafa hajaikabidhi.

Simlaumu, alitumwa vita akarudi na jua. Akashika rangi za maji, wauza mazulia, vichochoro, kuta zinazochoma macho. Na weupe kwenye rangi za maji haupakwi, ni karatasi yenyewe unaiacha wazi. Nimejaribu mwenyewe juu ya meza ya kulia, nikasema huu ukuta siugusi, mara tone la bluu likateleza hadi katikati, kufuta huwezi, karatasi ikajikunja kama chapati iliyoungua.

Huyu Fortuny alikuwa yatima, 1852 alitoka mji wa kwao Reus kuja Barcelona kwa miguu na babu yake. Miaka 18 baadae Goupil, dalali wa Paris, anauza La Vicaría, watu wanasaini ndoa kwa mapadri, faranga 70,000! Ila wateja wakawa wanataka zilezile, makoti ya hariri na vikorombwezo, na yeye kashachoka. (Hapo nimemwelewa sana, mi naulizwa kila siku kwanini sahani hazing'ai, hakuna anayeniuliza nachora nini.) Kiangazi cha 1874 akahamia Portici, karibu na Naples, akawa anachora bahari na wanae, anavyotaka yeye. Novemba akafia Roma, miaka 36.

Mi nina 37.

Wakati narudi nimepitia duka la Wachina nikachukua karatasi nzito kidogo, nimeilowesha, nimeibana kwenye kibao cha kukatia vitunguu kwa utepe wa gundi, isije ikajikunja tena. Ipo juu ya friji inakauka.