Kumbe 1 si kosa
Jana nilikesha kwa ajili ya namba 1. Nilikuwa naiita libsodium, maktaba ya usimbaji fiche iliyoandikwa kwa lugha ya C, kutoka kwenye programu yangu ya lugha ya Rust. Nikaandika kwamba sodium_init, kitendakazi cha kuiwasha maktaba hiyo, ikirudisha chochote kisicho 0, programu ife papo hapo. Jaribio la kwanza likapita, la pili likafa. Nikiliendesha peke yake, linapita! Nikalaumu ufunguo wa baiti 32, nikalaumu nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) ya baiti 24, nusura nilaumu kompyuta.

Kumbe -1 ndiyo kufeli. 1 maana yake "nilishawashwa", na majaribio yangu yote yalikuwa kwenye mchakato mmoja, kwa hiyo la pili liliikuta maktaba imeshawashwa. Nyaraka zinasema hivyo waziwazi, ila nani anasoma? Nimeweka sharti la < 0, nikalala saa kumi alfajiri.