Bahasha Iliyongoja Jumapili

Bungoma na Mbale si mbali. Unapanda matatu inayopitia Chwele, unashuka Lwakhakha, unavuka daraja kwa miguu ukiwa na kitambulisho tu mkononi, na tayari uko Uganda. Kwa Mbukusu kama mimi hata salamu haibadiliki: huku "mulembe", kule Wagisu nao "mulembe". Kinachobadilika ni pesa. Nilikuwa na bahasha yenye shilingi 12,400, mchango wa walimu wastaafu tisa, na mbadilisha pesa wa pale mpakani akanirudishia bunda la noti za Uganda lililokataa kuingia kwenye bahasha ileile. Nikajiona tajiri mpaka nilipouliza nauli ya teksi.

Safari hii ilitokana na maharage. Nilikaa miaka sita kwenye bodi ya shule moja ya kijijini kwetu, na kila mkutano uliishia palepale: chakula cha mchana. Wazazi hawana, serikali haijaleta, watoto wanasinzia saa nane. Swahiba wangu anayefundisha upande wa Mbale alinisikia nikilalamika kwenye simu, akaniambia, "Mwalimu, njoo uone shule za Wayahudi wetu. Maharage yao yanatoka Marekani." Nilidhani ananitania.

Mbale inakupokea na mwamba wa Wanale, ukuta wa mawe uliosimama nyuma ya mji, na mvua ikinyesha maporomoko yanauchora mistari myeupe. Mji wenyewe umezoea wafadhili wa dini. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kiko hapahapa tangu 1988, kwa msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Nilipomwambia kijana wa boda "Nabugoye, kwa Wayahudi", hakushangaa hata kidogo. Alichokifanya ni kuongeza bei.

Njia ya kupanda kilima ni udongo mwekundu, migomba na mibuni pande zote mbili. Swahiba wangu alinipokea getini, tukakaa chini ya mwembe, naye akaanza kunipa historia. Nikamwuliza kwanza habari za ule mpango wa 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, ardhi "Uganda". Akacheka: ardhi ile ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko kwenu Kenya, na Wazayuni wakaikataa mwaka 1905. Uyahudi wa hapa haukuletwa na meli.

Ulianza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki hii akitumaini kutawazwa mfalme wake. Hawakumtawaza. Akawapa kisogo, akajiunga na dhehebu la Bamalaki, akaendelea kuichambua Biblia mpaka akafika kwenye tohara. Wenzake wakamwambia hilo ni jambo la Wayahudi. Naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Hapo nilitabasamu, maana kwetu kisu si habari ngeni. Wabukusu na Wagisu bado wanatahiri vijana wao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ila sisi tunamngoja kijana asimame mwenyewe bila kupepesa jicho, na Torati inataka siku ya nane.

Mwaka uliofuata akapita mgeni, Myahudi anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao karibu miezi sita akiwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za chakula. Wafuasi wa Kakungulu, Abayudaya, walikuwa wamejisomea Agano la Kale bila mwalimu, na mengi ya desturi za Kiyahudi hayamo humo. Ukitaka kujua msaada wa kwanza wa elimu ya Kiyahudi uliofika kilima hiki ulikuwa kiasi gani, ni huo: mtu mmoja, miezi sita.

Kengele ikalia, tukaenda kuona chakula. Shule ni mbili: ya msingi inaitwa Hadassah, jina ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua ("Hadasa, yaani Esta"), na ya sekondari ina jina la Semei Kakungulu mwenyewe. Watoto walikuwa wamepanga foleni na sahani za plastiki, posho (ndio ugali wa huku) na maharage, mpishi akipakua bila kuangalia uso wa mtu. Binti mwenye hijabu, nyuma yake mvulana mwenye kofia ndogo ya kufuma kisogoni, nyuma yake wengine ambao usingejua wanasali wapi. Zamani watoto wa Abayudaya walisoma shule za madhehebu, na baadhi yao walishinikizwa kubadili dini ndipo wapate kusoma. Wapo wazazi walioona heri mtoto akose shule. Basi walipofungua za kwao, wakaziacha wazi kwa kila mtoto.

Nikauliza swali la mjumbe wa bodi: nani analipa? Mhasibu wa shule, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinijibu kwa Kiswahili cha kujikaza. Kuna shirika la Marekani liitwalo Kulanu, lililoanzishwa 1994, maana yake kwa Kiebrania ni "sisi sote". Linasaidia jamii za Wayahudi walio mbali na wenzao, na kwa Abayudaya limesaidia shule, chakula na karo za wanafunzi. Wafadhili wengine ni watu binafsi: familia huko ng'ambo inamchukua mwanafunzi mmoja, mtoto naye anaiandikia barua. Shirika jingine, Be'chol Lashon la San Francisco, lilimsaidia Gershom Sizomu kwenda Los Angeles kusomea urabi. Alipata daraja hilo mwaka 2008, akarudi kilimani, na 2016 watu wa Bungokho Kaskazini wakamchagua kuwa mbunge. Mwaka huohuo ilifunguliwa sinagogi kubwa ya matofali, Stern, yenye jina la familia ya wafadhili.

Mimi jengo halikunishtua. Majengo yenye majina ya watu tunayo tele Kenya, mengine yamefungwa kufuli. Kilichonikaa ni daftari la yule mama, kurasa baada ya kurasa za magunia ya maharage. Hakuna anayekata utepe mbele ya gunia la maharage.

Jioni tulikaa na mzee aliyekumbuka enzi za Idi Amin. Dini ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, maelfu wakahamia Uislamu au Ukristo. Waliobaki wakisali kwa siri walikuwa kama 300. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku ileile ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. "Farao wetu aliondoka usiku wa Pasaka," mzee akasema, "na waliomfukuza walikuwa wanaongea Kiswahili." Ndiyo maana, akaniambia, Kiswahili changu hakimkeri, ingawa Waganda wengi wa rika lake wanakisikia kama lugha ya bunduki.

Muda wote huo bahasha ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nangoja wasaa mzuri, maana harambee zimetuzoesha vibaya: mtu hutoi mpaka watu wakutazame. Jua lilipokaribia kuzama, wanawake wakawasha mishumaa, tukaingia sinagogi, na Zaburi zikaimbwa kwa Kiganda kwa sauti ambazo ningeapa nimezisikia kwenye mazishi ya kwetu. Baada ya kubariki divai na mkate, nikasimama, nikakohoa, nikaitoa bahasha.

Kimya. Swahiba wangu akanishika mkono taratibu. "Mwalimu, Sabato imeingia. Pesa haziguswi." Yule mhasibu alirudi nyuma hatua moja kana kwamba nimemnyooshea kaa la moto.

Basi nikalala na pesa zao Ijumaa, nikashinda nazo Jumamosi nzima, mtu mzima asiye na kazi ila kulinda bahasha. Kuna aliyenionyesha kahawa ya Mirembe Kawomera, ushirika ulioanzishwa 2004 na J.J. Keki, ambaye alikuwa New York siku minara ilipoangushwa mwaka 2001. Wayahudi, Waislamu na Wakristo waliungana kuuza kahawa yao Marekani. Jina ni la Kiganda, "amani tamu", na ukilitazama vizuri "mirembe" ni ileile "mulembe" ya kwetu.

Jumapili asubuhi yule mama alifungua ofisi. Alizihesabu noti mara mbili, akatoa kitabu cha risiti, akauliza aandike jina gani. Nikasema walimu wa Bungoma. Akaandika kwa Kiganda, Abasomesa b'e Bungoma, kiasi, na chini: maharage. Kisha akainua macho juu ya miwani, akauliza kama wafadhili wangu wangependa kuandikiwa barua na watoto kila muhula.

Nilicheka kwanza. Halafu nikampa anwani.